Kibuyu cha Posa Mlimani Mwangea

Njia ya mwongo ni fupi, ndivyo walivyotuachia wahenga. Lakini ile aliyoishika Kahonzi asubuhi ile ilikuwa ndefu, ya miba na mawe, na kila alipodhani imefika ukomo wake ilijipinda nyuma ya jabali jingine na kuanza upya. Mbele yake alitangulia Laban, kibuyu kikubwa cha tembo la mnazi kikiwa begani, kimezibwa kwa makumbi na kufungwa kwa kamba. Yeye Kahonzi alifuata nyuma, kwa umbali unaompasa binti asiyeolewa, akilitazama shati la mwanamume yule likilowa jasho mgongoni, na moyoni akijihimiza kwa neno moja tu: mwambie. Kila mara ulimi ukagoma.

Mlima Mwangea hauogopwi kwa urefu wake. Unaogopwa kwa ukavu. Mwaka ule wa ukame mkubwa wa themanini na nne, watu wa Ganze walipokuwa wakila mahindi ya njano ya msaada na kushukuru, mlima ulibaki mifupa mitupu. Migunga ilisimama bila jani, miba yake ikimeta juani. Changarawe iliporomoka chini ya nyayo. Makorongo yaliyowahi kuteremsha maji ndiyo yaliyokuwa njia sasa, na ndani yake joto lilitulia kama ndani ya chungu kilichofunikwa.

"Kwetu Mbooni," Laban alisema bila kugeuka, "kitu kama hiki hatukiiti mlima. Ni kilima tu. Vikongwe hukipanda Jumapili wakienda kanisani."

"Basi mbona unahema?"

"Sihemi. Naimba. Hii ni sauti ya besi, nyinyi watu wa pwani hamuijui."

Kahonzi alicheka, na kicheko kilipomtoka akakijutia. Alijiona kama mtu anayekula karamu ya matanga huku yeye ndiye aliyemuua marehemu.

Walikuwa wamefahamiana katika kiwanda cha korosho pale Kilifi. Yeye alikaa na wanawake wenziwe kwenye meza ndefu wakichambua korosho nzima na zilizovunjika. Laban alikuwa fundi wa mitambo, mtu wa bara, mrefu, mchache wa maneno mpaka umzoee. Mapenzi yao yaliota polepole, kwa heshima, bila ya kashfa. Kisha Laban akaitwa kwao, babake yu mahututi. Alimwambia Kahonzi, "Nitarudi," akapanda basi. Mwezi ukapita, na mwingine, na mingine. Mzee aliugua muda mrefu kabla ya kufa, na baada ya kufa yakaja mambo ya shamba na ndugu. Laban hakuleta habari. Na Laban aliporudi, na kumkuta Kahonzi angali kwenye meza ile ile ya korosho, Kahonzi alimpokea kwa machozi na hakumweleza lililotokea nyuma yake. Alimwambia tu kwamba baba yake, Mzee Fondo, hataki mkwe wa bara. Hilo lilikuwa kweli. Lakini ukweli uliokatwa nusu ni mbaya kuliko uongo mzima, kwani hutembea mbele za watu kifua wazi.

Ni Laban mwenyewe aliyeuliza wazee wa kazini, akaambiwa kuwa kwa Wagiriama mjomba wa binti ana sauti. "Basi nitakwenda kwa mjomba wako Kiponda," alisema. "Nitabeba tembo kama mtu yeyote wa heshima. Akinikubali, atamsemesha baba yako." Kahonzi alitafuta neno la kumzuia akalikosa. Alichopata kusema ni hiki: "Njia ya kwenda huko hupita juu ya mlima."

Kwenye bega la kwanza la mlima Laban alisimama ghafla, akashusha kibuyu kwa uangalifu kama mama amlazaye mtoto, akakaa juu ya jiwe. Mwiba wa mgunga ulikuwa umetoboa soli ya kiatu na kuingia kisiginoni.

"Lete mguu," Kahonzi alisema.

"Nitautoa mwenyewe."

"Lete mguu, Laban. Wewe fundi wa mashine, mimi fundi wa miba."

Alifungua pini iliyoshika leso yake, akapiga magoti juu ya changarawe, akauchokoa mwiba. Laban hakutikisika. Kahonzi alipoinua uso alimkuta anamtazama, si kisigino bali yeye, kwa macho yale ya upole ambayo Kahonzi aliyaota miezi yote ya upweke, na sasa yalimchoma kuliko jua. Akainamisha kichwa haraka.

"Imekuuma?" Laban aliuliza.

"Aliyechomwa ni wewe."

"Ndiyo, lakini anayelia ni wewe."

"Ni vumbi."

Laban hakubisha. Alifungua chupa ya maji, akampa Kahonzi anywe kwanza, kisha yeye akalowesha midomo tu na kuifunga. "Nifundishe tena," alisema. "Nikifika nasema nini?"

"Unapiga hodi ukiwa nje ya uwanja. Unangoja. Akikuitikia unamwamkia, shikamoo. Tembo hulitaji mpaka yeye aulize."

"Na akiuliza?"

"Unasema umekuja kuomba."

"Na wewe utakuwa wapi?"

"Nitakuwa ndani na mkewe, Mama Kache."

"Halafu wanakuita wanakuuliza. Wale wazee kazini waliniambia. Tembo haliguswi mpaka binti mwenyewe aulizwe, tunywe au tusinywe? Ni kweli?"

"Ni kweli," Kahonzi alisema, akasimama akikung'uta magoti. "Twende, jua linapanda."

Walipanda. Mahali pengine njia iliwataka watambae kwa mikono, na Laban alitangulia, akaweka kibuyu juu ya mwamba, kisha akarudi kumshika Kahonzi kiganja. Mara mbili Kahonzi alisema, "Kama umechoka turudi." Mara ya kwanza Laban alicheka. Mara ya pili alisema, "Nikirudi leo, baba yako atasema watu wa bara ni watu wa kurudi," akalikaza bega lake chini ya mzigo. Basi Kahonzi akaendelea kupanda, na aibu ikapanda naye.

Karibu na kilele walikutana na mtu anateremka, gunia la makaa kichwani, panga mkononi. Alikuwa Garama, mchoma makaa, ambaye Kahonzi alimfahamu tangu utotoni. Alipowaona alisimama, akamwangalia Laban tangu viatu hadi kofia.

"Hamjambo huko? Na huyu kabeba nini, maji ya betri?"

"Tembo, mzee," Laban alijibu. "Shikamoo."

"Marahaba. Tembo la mnazi, kwenye jua hili? Ndugu yangu, likifika kwa mwenyewe halijawa siki, nitaokoka."

"Litafika."

"Mnakwenda kwa nani?"

"Kwa Mzee Kiponda."

Garama alilitua gunia, akashika kiuno, akacheka mpaka akakohoa. "Kwa Kiponda? Na mnapanda Mwangea? Nani aliyekudanganya, wewe mtu wa bara? Lori la chakula cha msaada hupita chini kule, barabara tambarare, na magunia huyateremsha pale pale mbele ya mlango wa Kiponda. Ungekaa juu ya magunia kama bwana shauri, tembo lako mapajani, ungefika hata hujatoka jasho." Alimgeukia Kahonzi. "Binti Fondo, hukumwambia mwenzio?"

Kahonzi alitazama chini. Garama hakuwa mjinga. Aliona kimya kile kimezidi uzito wa mzaha wake. Alijitwisha gunia, akasema, "Basi, njia njema," akateremka, mawe yakiporomoka nyuma yake mpaka sauti yake ikapotea.

Laban alikishusha kibuyu.

"Hukuijua barabara hiyo?"

"Niliijua."

"Tangu lini?"

"Tangu utotoni."

Laban alingoja. Hakuwa mtu wa kuharakisha, na subira yake hiyo ndiyo iliyomvunja Kahonzi. Kama angalimkemea, Kahonzi angalipata pa kujificha.

"Tembo langu limekwisha nywewa, Laban," alisema. "Ulipokuwa kwenu walikuja watu kutoka Marereni, wazee wa akina Tsuma. Tsuma ni msimamizi kwenye mashamba ya chumvi. Walileta kibuyu kama hicho. Baba alikaa, mjomba Kiponda alikaa, nikaitwa."

"Wakakuuliza."

"Mjomba ndiye aliyeniuliza. Alikuwa na kata ya kunywea mkononi. Aliniuliza, tunywe, tusinywe?"

"Nawe ukasemaje?"

Upepo wa moto ulivuma ukapeperusha leso yake. "Nilisema wanywe."

"Ulilazimishwa?"

Hapo ulikuwapo mlango, na Kahonzi aliuona. Angeweza kusema ndiyo; nani angalimshangaa? Mabinti wangapi hulazimishwa? Lakini uongo ulikuwa umemchosha kuliko mlima.

"Sikulazimishwa. Baba alinitazama, naye alikuwa amekonda kwa njaa ya mwaka huu, lakini hakunitisha. Wanawake kiwandani walisema umeoa kwenu. Nikasema moyoni, kama amenisahau nami nitamwonyesha. Nilisema nyweni kwa hasira. Hasira ilipokwisha, tembo lilikuwa limekwisha."

"Nilikuambia nitarudi. Neno hilo halikutosha?"

"Lilitosha mwanzoni."

Laban aliondoa kofia, akapangusa uso wote kwa kiganja, polepole. "Nilikosa kutuma habari. Hilo ni langu, nalichukua. Lakini nimerudi tangu mvua zilipokosa kunyesha mara ya pili, Kahonzi. Tumeketi pamoja, tumekula pamoja mihogo ya mama yule auzaye kwenye geti la kiwanda. Hukupata siku moja?"

"Nilizipata zote. Nikaogopa zote."

"Na leo? Ulitaka nifike kwa mjomba wako na kibuyu begani, mtu yule yule aliyelinywa la mwenzangu, anicheke mbele ya wake na watoto?"

"Sikutaka ufike."

"Sikuelewi."

"Nilitaka uchoke." Sauti yake ilikuwa ndogo, lakini alijikaza asiikate. "Nilichagua huku kwa kuwa ni kubaya. Nilidhani utafika kwenye yale mawe useme haiwezekani, turudi. Ningelia kama mtu aliyeonewa na mambo, wewe ungenibembeleza, na nisingelazimika kusema lolote."

Laban alimtazama. Yale macho ya upole hayakuwa yamegeuka kuwa makali. Yalikuwa yamerudi ndani tu, kama mtu aliyefunga mlango bila kuubamiza.

"Kumbe mlima ndio uliotumwa unikatae," alisema.

"Ndiyo."

"Ungeniambia chini, Kahonzi. Ningeumia chini, nikiwa na nguvu."

Aliketi juu ya mwamba, akampa mgongo. Mbali mashariki, nyuma ya nyika iliyokauka, bahari ilionekana kama uzi mwembamba. Hapakuwa na ndege wala mdudu aliyelia. Kahonzi alisimama pale, na kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya tembo la Marereni hakutafuta mtu wa kumsingizia. Si baba, si wanawake wa kiwandani, si Laban. Alivua leso ya juu, akaikunja na kuisokota ikawa kata ya kichwani, akachuchumaa, akajitwisha kibuyu.

Laban aligeuka. "Unakipeleka wapi?"

"Kule kule kwa mjomba."

"Ukaseme nini?"

"Nilisema kwa mdomo huu. Nitakwenda kuondoa kwa mdomo huu."

"Usifanye hivyo kwa ajili yangu." Alisimama. "Mimi si mtu wa kuficha maneno. Leo hii sijui kama ninakutaka. Usije ukavunja nyumba ya watu ukitumaini nitakungoja."

"Nimesikia."

"Kweli umesikia?"

"Nimesikia, Laban. Hata usiponitaka, Tsuma hakunikosea. Anajenga nyumba akidhani nimempenda. Nimewadanganya wawili."

Alikuwa ameanza kuteremka aliposikia hatua nyuma yake. Laban alimfikia, akamtia chupa ya maji mkononi.

"Na wewe utakunywa nini?"

"Shika," alisema, na akarudi juu.

Mteremko wa upande wa pili ulikuwa mkali kuliko kupanda. Kahonzi alishuka kando kando, mkono mmoja ukishika kibuyu na mwingine ukitafuta mwamba. Povu la tembo lilipenya kwenye makumbi, likamchuruzika shingoni, likakauka na kunata. Alijikwaa akaangukia goti, akakidaka kibuyu kabla hakijagonga jiwe, na akabaki amekikumbatia, damu ikimtoka gotini, akiwaza jinsi yule mtu alivyokibeba mpaka juu akiamini kwamba anabeba ndoa yake. Alilia vya kutosha, kisha akajitwisha tena.

Jua lilikuwa limepinda alipofika uwanjani kwa Kiponda. Mjomba alikuwa kibarazani, mzee mkavu wa mwili, mwenye shuka nyeupe na maneno machache. Mama Kache, mkewe, alikuwa akipepeta yale mahindi ya njano.

"Hodi. Shikamoo, mjomba. Shikamoo, Mama Kache."

"Marahaba," Kiponda alijibu, macho yakiwa kwenye kibuyu kichwani mwa Kahonzi. "Umepita mlimani? Una wazimu? Na hilo tembo la nani?"

"Ni langu."

"Mwanamke haleti tembo."

"Najua, mjomba. Nimekuja kurudisha la Marereni. Sitaolewa na Tsuma. Niliposema mnywe nilisema uongo, nilimpenda mtu mwingine, na nilijua."

Mama Kache aliacha kupepeta.

"Kurudisha," Kiponda alirudia, kana kwamba anaonja chakula kilichoingia mchanga. "Mwanangu, tembo lile lilinywewa na wazee, likatoka kwa njia ya kutokea, ardhi ikalipokea. Litarudishwaje?"

"Ndiyo maana nimeleta jingine."

Mama Kache alifunika mdomo kwa ncha ya leso, akageukia ukutani. Kiponda hakucheka. Alimtazama mpwa wake, vumbi, damu ya gotini, shingo iliyonata povu.

"Huyo mtu mwingine yuko wapi?"

"Nilimwacha mlimani. Naye nilimficha habari hii. Amesema hajui kama ananitaka."

"Unalikataa la mkononi, na la porini hulijui?"

"Ndiyo, mjomba."

"Na baba yako uso wake atauweka wapi?"

Hilo Kahonzi alikuwa amelingojea njia nzima. Alipiga magoti uwanjani. "Nitamwomba radhi. Asiponisamehe, atakuwa na haki."

Kiponda alitafuna tumbaku yake, akaitema kando. Mwishowe alisema, "Mimi siwezi kukufungua peke yangu. Nitatuma mtu kwa Fondo, na kwa wazee wa Tsuma, na Tsuma mwenyewe aje. Utakaa hapa mpaka wafike. Utasema mbele yao kama ulivyosema mbele yangu, na utamtazama yule kijana usoni wakati unasema. Sitakusemea hata neno moja."

"Sitaki unisemee."

"Na hicho kibuyu kiache hapo hapo kilipo. Sikipokei, sikikatai. Hakiingii nyumbani kwangu mpaka niwasikie Fondo na akina Tsuma."

Basi kibuyu kikabaki katikati ya uwanja, juani, kikitoka povu. Mama Kache alimletea Kahonzi maji kidogo ya kuosha goti, kwa kuwa maji yalikuwa ya kupimwa, akamwambia kwa sauti ya chini, "Mtoto wewe, umejivisha moto," lakini mkono wake ulipomfunga kitambaa haukuwa mkali.

Walikuwa wamekaa hivyo, kila mtu na lake, iliposikika hodi kutoka nje ya uwanja. Sauti ilikuwa kavu, imekwaruza. Kahonzi hakuinua kichwa; alijikataza.

"Karibu," Kiponda alisema. "Nani?"

"Mpita njia, mzee. Shikamoo. Naomba maji. Niliishiwa huko juu."

"Marahaba. Mtu wa bara?"

"Ndiyo, mzee. Mkamba."

Kiponda alimtazama mgeni, akamtazama mpwa wake aliyekuwa anaitazama ardhi, akatazama viatu vya mgeni vilivyotobolewa na miba. Hakuuliza. Mila ya nyika hairuhusu kumhoji mtu kabla hajanywa. "Mama Kache, mpe mgeni maji. Na umwekee kigoda pale penye kivuli."

Laban alipokea kata kwa mikono miwili, akanywa yote, akashukuru. Alikaa pale alipoonyeshwa, upande wa mbali wa uwanja, viwiko juu ya magoti. Hakumtazama Kahonzi, wala hakuaga kuondoka. Kuku mmoja alipita katikati yao, akadonoa povu lililomwagika chini, akatikisa kichwa, akaenda zake.

Baada ya kitambo Laban aliinuka. Kahonzi alidhani anakwenda, na akaona ni stahili yake. Lakini hakuelekea njiani. Alitembea akichechemea hadi katikati ya uwanja, akainama, akakinyanyua kile kibuyu kwa mikono yote miwili, akakihamisha kutoka kwenye jua akakiweka chini ya ukuta, kivulini. Kisha akarudi kwenye kigoda chake, akaketi tena.

Kiponda aliona kibuyu kimeondolewa pale alipoagiza kiachwe, na hakumkataza.